Ukungu Katika Picha
Mhadhara uliosomwa Magwagwa, Nyamira, juu ya lenzi za kale za picha za sura



Mtu aliyelala Magwagwa usiku mmoja, akaamka kabla wachuma chai hawajashika njia, hana haja ya kuelezwa ukungu ni kitu gani. Ameuona umelala katika mabonde yanayoteremkia upande wa Sondu, umeifunika migomba mpaka shingoni, na mtu ajaye njiani huonekana kwanza kama dhana, kisha kama umbo, kisha, zikisalia hatua kumi, kama jirani anayetudai. Lakini Kiswahili, ambacho kwa wingi wote wa maneno yake hakikosi mahali pa ubahili, kimelitwisha neno hilo kazi ya pili: ukungu ni ule mvuke wa alfajiri, na ukungu ni ile kuvu inayoota juu ya mkate uliosahauliwa, juu ya viatu vya ngozi vilivyowekwa uvunguni wakati wa masika, na, kwa msiba wangu mimi, juu ya vioo vya lenzi. Leo nimekuja kuzungumza juu ya ukungu wa tatu, ambao watunga kamusi hawakuuhesabu, nao ni ule uliotengenezwa kwa makusudi na mafundi wa vioo ili sura ya mwanadamu ipigwe picha na nuru yake ikimwagika kidogo nje ya mipaka yake.

Lenzi mnayoiona hapa mezani, yenye uzito wa jembe lisilo mpini na shaba iliyokwisha kufifia, niliinunua mjini Kisii kwa warithi wa mpiga picha mmoja aliyefariki, nao waliniuzia kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa waliamini imeharibika. Baba yao, walisema, aliiacha zamani kwa sababu haikutoa picha safi. Nilipoimulika kwa tochi kutoka nyuma nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kiooni mfano wa utando wa buibui, nikasema moyoni, hili ndilo gonjwa lake, na dawa yake naijua. Nikaifungua, nikaifuta kwa pamba safi na spiriti mpaka nyuzi zikatoka, yakabaki makovu mawili matatu mahali ambapo asidi ya kuvu ilikwisha kukila kioo. Nikaifunga, nikapiga picha, na ukungu ulikuwapo vile vile. Ndipo nilipovaa miwani nikasoma maandishi yaliyochongwa kuuzunguka mdomo wake: Verito, kazi ya Wollensak wa Rochester, New York, inchi 8¾, f/4. Kumbe sikununua mgonjwa. Nilinunua lenzi nzima iliyoumbwa kutoa ukungu, ambayo kwa nuksi ilikuja kuota ukungu, na watu wa nyumba ile hawakuweza kupambanua huu na ule. Tangu siku hiyo sijaacha kuwaza ni lenzi ngapi za namna hii zimetupwa jalalani kwa kosa la neno moja lenye maana mbili.

Watoto wetu wote wanajua kulikusanya jua kwa kioo cha kukuzia wakachoma jani kavu. Atazamaye kwa makini ataona kwamba ile nukta ya moto haiwi nukta kamili, bali imezungukwa na kiwingu cha nuru, na sababu yake ni hii: miale inayopita katikati ya kioo na ile inayopita kandokando haikutani mahali pamoja, maana ya kandoni hupindishwa zaidi na kukutana karibu na kioo, ilhali ya katikati huenda mbele kidogo ndipo ikutane. Basi popote utakapoiweka filamu yako, kundi moja la miale litakuwa limefika na jingine limekwisha kupita. Mafundi wa lenzi wamepigana na kasoro hii vizazi na vizazi, wakiunganisha kioo cha namna moja na kioo cha namna nyingine ili mapungufu ya hiki yalipwe na hicho. Lakini fundi wa lenzi laini huiacha kasoro ibaki kwa kipimo anachokitaka, kama mshonaji anavyoacha upindo katika kanzu ya mtoto, akijua utahitajiwa.

Matokeo yake si picha iliyokosa fokasi, na mkisahau mengine yote niliyosema msilisahau hili. Picha iliyokosa fokasi haina kiini, imeyeyuka yote. Ama picha ya lenzi hii ni picha mbili zilizolala moja juu ya nyingine, ya chini kali, yenye kila ukope na kila unywele, na ya juu ni utaji wa nuru uliotandazwa juu ya ile kali. Bibi arusi wa Mombasa aliyejitanda utaji hakuupoteza uso wake. Uso upo, na ajuaye kutazama anauona, ila unamjia kwa adabu. Na utaji huu hufunuliwa kwa kidole: ukikiacha kilango cha lenzi, yaani tundu la kuingizia nuru, wazi kabisa, katika f/4, umejaa, ukikibana kidogo unakuwa mwepesi, ukifika f/8 na kuendelea, ile miale mikorofi ya kandoni imefungiwa nje na lenzi inatoa picha kali kama lenzi nyingine yoyote ya heshima. Kwa kuwa mahali pa kukutania miale husogea kadiri kilango kinavyobanwa, inampasa mpiga picha alenge kwa kilango kile kile atakachopigia, asilenge kwa kimoja akapiga kwa kingine. Mimi nilipoteza filamu nyingi, na fedha ya majani chai ya miezi miwili, kabla sijalifahamu jambo hili dogo.

Historia yake nitaipita kwa haraka. Mwaka 1840 Petzval wa Vienna alihesabu lenzi ya f/3.6 iliyopunguza sana muda wa mtu kukaa bila kutikisika mbele ya kamera, nayo ilikuwa kali katikati na yenye kuyeyuka pembeni, kwa hiyo watu wa karne ya 19 waliizoea sura inayoelea katika ulaini kabla mtu yeyote hajaukusudia. Mwaka 1866 Dallmeyer wa London akatoa lenzi ya picha za sura ambayo sehemu yake ya nyuma iliweza kuzungushwa ili ulaini uingie kwa kipimo. Katika miaka hiyo hiyo Julia Margaret Cameron, mwanamke aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815 na kupewa kamera na bintiye alipokuwa na umri wa miaka 48, alikuwa akipiga nyuso kubwa kubwa zilizolengwa kwa kipimo cha moyo wake, na waheshimiwa wa chama cha wapiga picha wakamcheka kwamba hajui kazi. Alifariki mwaka 1879 huko Ceylon, kisiwa kinachooshwa na bahari ile ile inayoosha Mombasa na Lamu, na leo waliomcheka hawakumbukwi ila kwa kicheko chao. Mwaka 1896 ikaja lenzi ya Dallmeyer iliyofuata matakwa ya mchoraji Bergheim. Mwanzoni mwa karne ya 20 Pinkham na Smith wa Boston wakatengeneza yao. Na mwaka 1931 Rodenstock wa Munich akaanza kuuza Imagon, tunda la jitihada ya miaka mingi ya mpiga picha Heinrich Kühn, ambayo kilango chake ni kibati chenye tundu kubwa katikati na vitundu vidogo vidogo kulizunguka, mfano wa chekeche, ili mtu aamue mwenyewe ni miale mingapi ya kandoni itakayokaribishwa.

Mwaka uliofuata, 1932, huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walionyesha picha zao chini ya jina la f/64, yaani kilango chembamba mno, wakitangaza kwamba picha halali ni ile kali tangu jiwe la karibu mpaka mlima wa mbali. Na Weston huyo mwenyewe alikuwa ameanza kazi yake kwa lenzi laini. Katika ugomvi huo naona makosa pande zote. Watu wa ulaini walikuwa wamelewa, wakakifunika kwa utaji kila kitu, miti, madaraja, hata mitungi, mpaka ulaini ukapoteza maana yake. Na watu wa ukali walidhani kwamba jicho la mwanadamu humtazama mama yake kwa f/64. Tena, tusiwapambe sana wauzaji: lenzi hizi hazikuuzwa studioni kwa ajili ya ushairi tu. Zamani kila negativu ya sura ilirekebishwa kwa ncha ya penseli, chunusi kwa chunusi, na mwenye studio alilipa ujira wa saa hizo. Lenzi iliyoyalainisha makunyanzi kabla ya kalamu kugusa ilimwokolea fedha.

Ninaingia sasa katika jambo lililonitesa mimi mwenyewe, nalo ni la hapa hapa Magwagwa. Nilipoifahamu lenzi yangu nilijiona nimebarikiwa kuliko wapiga picha wote, maana nani mwenye ukungu mwingi kuliko sisi? Nikawatoa watu nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikawasimamisha mbele ya bonde jeupe, nikapiga. Picha zote zikatoka kama uji wa mgonjwa. Sikuwa nimetambua kwamba utaji wa lenzi unapunguza tofauti ya weusi na weupe, na ukungu wa bonde umekwisha kuipunguza kabla yake, kwa hiyo nilikuwa nikitia maji katika maziwa ambayo tayari yalikuwa na maji. Lenzi laini hutaka nuru yenye uamuzi: mlango mmoja wa nyumba yenye giza, jua la alasiri lililotoka baada ya mvua na kuingia kwa upande, taa moja iliyo karibu. Waliozibuni walifanya kazi chini ya dirisha la studio, wala si katikati ya wingu. Mwenye kupenda ukungu wa lenzi inampasa aukimbie ukungu wa alfajiri, na mimi niliyezaliwa bonde la pili kutoka hapa nilikuwa na haki ya kulijua hilo mapema zaidi.

Jambo la pili vitabu vya wazungu havikunifundisha, kwa sababu waandishi wake walikuwa wakitazama nyuso nyeupe mbele ya pazia jeusi. Kiwingu hutoka katika weupe kikaingia katika weusi, hakiendi kinyume. Kwao uso ndio uliokuwa mweupe, nao ulimwagikia pazia, ukazungukwa na mwanga kama sanamu za watakatifu. Kwetu uso ni mweusi, na weupe umekaa kwingine: katika ukosi wa shati, katika kitambaa cha kichwani, katika kofia, katika ukuta uliopakwa chokaa. Mpige mzee wa hapa akiwa na shati jeupe juani, na lile shati litamwagikia kidevu chake na kumfanya aonekane amepakwa majivu. Mpige yule yule akiwa na koti jeusi lililofungwa mpaka juu, mbele ya ukuta wa udongo, nuru ikimjia ubavuni, na utaona ajabu: mng'ao wa paji la uso, wa mfupa wa shavu, wa ncha ya pua, kila mmoja unafungua kiwingu chake, na ngozi yote inakuwa na kina kama maji ya kisima yanapopigwa na jua. Sijaona lenzi iliyowafaa watu weusi kuliko hii, ilhali waliozitengeneza lenzi hizi hawakutufikiria hata dakika moja.

Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa nuru kabla yetu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, tangu miaka ya 1940, watu walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa nguo zao za fahari. Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi tangu 1932 hadi 1993 na asiyesomea ufundi huu darasani, alikata picha na kuziunganisha mpaka mtu akatokea mahali ambapo miguu yake haikumfikisha. Wateja wao walikwenda studioni ili waonekane kama walivyojitumaini. Huku bara, wengi wetu tulianza kupigwa picha kwa amri. Mwaka 1978 wanawake walipoingizwa katika sheria ya kitambulisho, bibi mmoja wa jirani yangu, omong'ina kama tunavyoita, alipigwa picha yake ya kwanza, masikio yote mawili wazi, macho yameelekezwa kwenye ukuta wa serikali. Na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa picha yake ya pekee. Nyote mmehudhuria maziko ambayo picha iliyosimamishwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka katika kitambulisho, chembe zake kubwa kama punje za wimbi, na marehemu anawatazama watoto wake kana kwamba wao ndio makarani.

Basi nikaazimia kumpa bibi huyu sura nyingine kabla ya siku hiyo. Nikamweka mlangoni mwa jiko lake, koti jeusi, kilango f/4, akakaa bila kutikisika muda wa kuhesabu mpaka tatu. Picha ilitoka kama nilivyoiota, nikampelekea kwa majivuno. Aliishika mkononi kwa muda mrefu, akaigeuza akatazama nyuma yake, akaniuliza makunyanzi yake nimeyapeleka wapi. Nikamwambia yamo, ndani ya utaji. Akasema kila moja lina jina la mtu aliyemletea, na kwamba mtu wa kuyaficha angekuwa yeye mwenyewe, si mimi. Nilirudi juma lililofuata na lenzi ile ile, nikaibana mpaka f/11, nikamhesabia sana, na ile picha kali ndiyo iliyotundikwa sebuleni mwake. Ile laini alikuja kuiomba mjukuu wake, kwa siri, nami sikumuuliza sababu. Tangu hapo humpiga kila mtu mara mbili, wazi na kubanwa, na kumwachia mwenye uso achague. Ni gharama, lakini nimeona ni haki.

Wako vijana watakaoniambia kwamba simu zao hufanya haya yote kwa kugusa kioo. Nimeziona. Simu huitafuta ngozi, ikafuta vinyweleo, ikapaka rangi moja mahali pake, na kilichofutwa hakirudi hata ukikililia. Lenzi haijui ngozi wala haijui umri. Hutazama mahali palipo na nuru kali, ikaimwaga, na chini ya ile nuru kila kitu kimebaki mahali pake. Ndiyo maana utaji wake haufanani kwa watu wawili, ilhali ulaini wa simu huwafanya mabinti wa kijiji kizima wafanane na binamu mmoja.

Anayetaka kununua asikimbilie majina. Lenzi za majina makubwa zimepanda bei kwa sababu ya matajiri wanaozikusanya na kuziweka kabatini, na shaba iliyong'arishwa haiongezi chochote katika picha. Kuna za zamani zisizo kuukuu sana zinazokaa katika kamera za kawaida, kama ile ya Minolta ya milimita 85 iliyotoka mwaka 1978, au ile ya Canon ya milimita 135 ya mwaka 1987, yenye pete ya kuzungusha ulaini. Na masikini mwenzangu asikate tamaa: kamera ya sanduku ya Kodak, zile za vijukuu vya Brownie, ina kioo kimoja tu chenye uvimbe, na kinachokifanya kitoe picha ya kuvumilika ni kile kitundu kidogo kilichowekwa ili kuizuia miale ya kandoni, kitanue kitundu hicho, na umepata lenzi laini kwa bei ya chakula cha mchana. Wengine huvuta soksi nyembamba ya kike mbele ya lenzi, au hupaka mafuta mepesi juu ya kioo cha ziada kilichotangulia mbele yake, kamwe si juu ya lenzi yenyewe.

Lakini mulika kwanza kwa tochi. Ukungu wa kuvu hauna kiini wala kipimo. Hufifiza picha yote kwa usawa, na ukikibana kilango hauondoki. Hiyo ndiyo hakika yake: piga kwa f/4, piga kwa f/11, na kama picha zote mbili zimepauka, umeuziwa maradhi. Hapa kwetu kuvu ni adui wa kudumu, kwa ajili ya mvua zisizotukimbia na nyumba zenye unyevu. Usiiweke lenzi katika mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hulea kuvu; iweke katika debe au chupa inayofungwa isipitishe hewa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya, na uvikaushe juani mara kwa mara. Mchele, ambao wengi huusifu, huacha vumbi. Usisugue kioo kwa pembe ya shati. Na kwa kuwa vioo vya kale havikupakwa ile rangi ya samawati ya kuzuia mng'ao, ikinge lenzi kwa kofia ya karatasi nyeusi wakati jua liko mbele yako.

Ni karibu saa tisa, na wingu la Kericho limekwisha kusimama mahali pake pa kila siku, kwa hiyo tuitumie nuru iliyobaki. Kamera iko pale mlangoni. Mzee wetu aliyekubali kukaa kitini ameombwa afunike shati lake kwa koti, na sababu mnaijua. Mtaingia chini ya kitambaa cheusi mmoja mmoja. Mtamwona kichwa chini, miguu juu, msishtuke, kamera zote humtazama mtu hivyo. Izungusheni ile pete ya kilango taratibu kutoka f/4 mpaka f/11, mrudi tena, mtazame utaji unavyopanda na kushuka juu ya paji la uso wake, mikono isiguse kioo. Na mzee wetu atusamehe, asicheke mpaka wa mwisho atakapotoka.